Kimya Chumbani kwa Kaka

Chumba changu na cha kaka yangu vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na ukuta huo haujawahi kunisaidia kitu. Nilipoachika nikarudi kuishi kwake, niliambiwa chumba cha nyuma ni changu, nikashukuru, nikaingiza cherehani yangu na marobota yangu ya vitambaa vya mapazia. Hakuna aliyenitajia habari ya kukoroma. Usiku wa kwanza nilidhani kuna jirani anaburuta makabati. Asubuhi nikamuuliza mke wa kaka, "Wifi, waliohamia usiku ni akina nani?" Alicheka mpaka akashika meza.

"Hajahamia mtu, wifi. Huyo ni kaka yako."

Kazini kwake walimwita Jenereta, na si kwa ubaya. Alikuwa dereva wa winchi katika yadi ya vyuma, ile mashine ndefu inayonyanyua mafungu ya nondo na kuyashusha kwenye malori. Alianza chini pale akiwa kijana, akifunga minyororo, akapanda taratibu mpaka akapewa kibanda cha vioo huko juu, na hakuna kitu duniani alichokionea fahari kama kile kibanda. Kaka si msemaji. Ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Lakini mtajie winchi, utamkoma! Atakueleza upepo, atakueleza uzito, atakueleza jinsi mzigo unavyobembea na jinsi ya kuutuliza, mpaka chai yako ipoe. Saa ya mapumziko alikuwa analala huko huko juu, na wenzake waliokuwa chini walimsikia. Jina likatokea hapo.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa yadi hawakulijua, na hata mimi lilinichukua muda kulielewa. Kukoroma kwa kaka hakukuwa kwa mfululizo. Kulipanda, kulipanda, halafu kukakatika ghafla. Kimya. Hapo ndipo unasikia kitanda kinalia, na sauti ya wifi, sauti ya mtu aliyechoka hoi: "Mzee, geuka." Kaka anashtuka, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini, anageuka, jenereta linawaka upya. Wifi akishalisikia limewaka, analala. Kidogo tu, mpaka likatike tena. Ndoa yao nzima mwanamke yule amelala vipande vipande, kiwiko chake kikiwa tayari. Watoto wamezaliwa, wamekua, wamekwenda zao kuanza maisha yao, na yeye bado yuko zamu. Asubuhi anaamka kabla ya wote kwenda jikoni kwa shule anakopika, kwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Alipomwambia kaka kwamba usiku anakata pumzi, kaka alimwambia anaota. "Mimi nilale nisipumue? Ningekuwa hapa?"

Na yeye kaka, pamoja na kelele zote hizo, usingizi haukumtosha hata siku moja. Anaamka kichwa kinamgonga, mdomo umekauka, hasira ziko karibu. Anasinzia mezani tonge likiwa mkononi. Aliwahi kusinzia huku anaongea na mwalimu mkuu wa binti yake, katikati ya sentensi yake mwenyewe! Majirani wakasema anakunywa. Kaka hajaonja pombe tangu azaliwe, lakini nenda kawaambie majirani.

Halafu ikaja ile siku ya nondo. Fungu lilikuwa hewani, mtoa ishara yuko chini anapunga mikono, na winchi haijibu. Anapunga, anapiga filimbi, wapi. Fungu likaanza kushuka lenyewe taratibu, likatua pembeni ya mfunga mzigo, karibu mno, yule bwana akaruka, akaangukia makalio. Hakuna aliyeumia. Walipopanda ngazi walimkuta kaka ameegemea kioo, mkono uko kwenye mtambo, anakoroma.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Msimamizi wa yadi alimshusha, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliomuumiza kaka zaidi: "Huko juu hupandi tena mpaka daktari aniandikie kwamba umepona. Nafasi yako naishikilia. Lakini winchi haiwezi kusimama, na sitaweza kuishikilia milele." Akapewa kazi ya getini, kufungua na kufunga, na dereva wa kuazima kutoka yadi nyingine akakaa kibandani. Kaka alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha sebuleni na viatu vyake vya kazi, akasema neno moja tu: "Getini."

Daktari alimuuliza maswali machache, akampeleka akapimwe usingizi. Mimi nilidhani ni mzaha. Usingizi unapimwaje, kwa rula? Lakini jioni tukaenda wote watatu, wifi amebeba shuka lake kutoka nyumbani, maana alisema ya hospitali hayaaminiki. Tukapokewa na mama mmoja mwembamba mwenye miwani, ambaye nilimpa jina la Bibi Usingizi papo hapo, kimoyomoyo. Akamkalisha kaka kitandani, akaanza kumbandika nyaya: kichwani kwa gundi, kidevuni, miguuni, ukanda kifuani, ukanda tumboni, kibanio kidoleni, kimpira puani.

"Mkimaliza mniambie mnapata stesheni gani," kaka akasema.

Bibi Usingizi alicheka. Wifi hakucheka. Aliuliza atalala wapi yeye. Akaambiwa ndugu hawalali humu ndani. "Mimi si ndugu," akajibu, "mimi ni mke." Hata hivyo akatolewa, akachukua kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni. Kaka alikuwa ameshalala kabla gundi ya waya wa mwisho haijakauka.

Mimi nilikwenda kulala kwangu, nikarudi asubuhi na chai. Nikamkuta Bibi Usingizi macho mekundu. "Mama huyu amenigongea mlango usiku kucha," akaniambia. "Mgonjwa akikata pumzi, mimi naona kwenye skrini, yeye anagonga. Nimeshindwa hata kunywa maji!" Kisha akatueleza. Kaka akilala, nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inaziba. Ubongo unashtuka, unamwamsha kidogo tu, hata yeye hajui, anavuta pumzi, anazama tena. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. "Mzee huyu halali," akasema. "Anapigana."

"Kwa hiyo ni kweli alikuwa anakata pumzi," wifi akasema.

"Ni kweli, mama."

Wifi akamtazama kaka. Kaka akatazama soksi zake. Miaka yote ya kuambiwa anaota, jamani, na leo mtu mwenye miwani amesema ni kweli. Ningekuwa mimi ningeisherehekea mwezi mzima.

Hospitali ikatuazima mashine. Ndogo, ya kuweka juu ya stuli, ina kikopo cha maji na mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna barakoa ya kufunga puani kwa mikanda, na kishikizo kisogoni. Inasukuma hewa ili koo lisizibe. Bibi Usingizi alimshika wifi mkono. "Ikifanya kazi hutasikia kitu, mama. Kukoroma kutakwisha. Ukimya ndio uzima wenyewe, usiogope." Wifi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa.

Siku za kwanza zilikuwa vurugu. Kaka aliichukia ile barakoa kama adui. Pua inakauka, mashavu yana michirizi, hewa inavuja pembeni na kupiga mluzi. "Nimekuwa mpira wa baiskeli," akasema, "najazwa upepo." Lakini alikuwa anakitaka kibanda chake, akavumilia. Mikanda ikazoeleka. Na nyumba ikanyamaza. Nakuambieni, nililala fofofo, nisisikie tena kitu, mpaka mteja wa mapazia akaja kunigongea dirisha. Sikuwa najua kwamba nimechoka kiasi kile.

Ajabu ni kwamba kaka hakupata nafuu. Kila akiamka, barakoa iko juu ya stuli, mashine imezimwa. Anasinzia vilevile, kichwa vilevile. Kila akienda kukaguliwa, Bibi Usingizi anaisoma mashine, anatikisa kichwa: inafanya kazi mwanzo wa usiku, halafu basi. "Unaivua ukiwa usingizini, mzee. Wengi wanafanya hivyo." Akabadilisha mikanda. Akabadilisha barakoa. Akapunguza hewa. Wapi. Na yadini msimamizi akamwita kaka pembeni: yule dereva wa kuazima ameomba kuhamia moja kwa moja, na yeye anasubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Kaka akaanza kuichukia mikono yake. Nilimwona ameinyoosha mbele yake mezani, anaitazama. "Hii ndiyo inaniharibia," akasema. Siku moja jioni akaja kwangu. "Dada, nishonee kitu cha kufunga mikono. Nisiweze kushika." Nikamshonea mifuko miwili kwa bitana ya mapazia iliyobaki, minene, isiyo na vidole, na utepe wa kufunga kwenye kifundo. Wifi alikuwa ameketi mlangoni kwangu anapepeta nafaka. Alinitazama nikishona mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake wifi alishakwenda shuleni, kaka akanijia na mikono imefungwa, nimfungulie. Nywele timutimu, macho yamevimba. Nilipita mlangoni kwake nikachungulia. Barakoa iko juu ya stuli. Kishikizo kimefunguliwa vizuri, mpira umekunjwa duara, mashine imezimwa kwenye kitufe. Kaka mwenyewe alikuwa hajaelewa, kachoka mno hata kuelewa. Alikuwa anaongea tu, "Hata hivi? Hata hivi, dada?" Mimi nilielewa pale pale nikifungua fundo, na damu ikanipanda kichwani.

Sikunywa hata chai. Nilikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa shule. Wifi alikuwa peke yake anakata vitunguu, moshi umejaa.

"Wifi, mikono ya kaka ilikuwa imefungwa."

"Najua. Nilikuona ukishona."

"Kwa hiyo?"

Akaendelea kukata. Kisha akaweka kisu chini. "Simsikii, wifi."

"Humsikii nini?"

"Simsikii kabisa. Akikoroma najua yupo. Akinyamaza, mimi ndiye ninayemrudisha. Ndivyo tulivyoishi. Sasa ananyamaza tu na mimi nimelala pale kama gogo, simrudishi mtu."

"Lakini uliambiwa! Uliambiwa ukimya ndio uzima! Wewe unaelewa kwamba anapoteza kibanda? Unaelewa kwamba kuna watu chini ya zile nondo?" Mimi si mtu wa kunyamaza, na sauti yangu nadhani ilifika madarasani.

"Mchana naelewa yote hayo," akasema. "Kila siku naapa leo simgusi. Naketi. Naweka sikio karibu na mdomo wake, nasikia mashine tu. Najiambia, hii ni mashine inayopumua, si yeye. Naapa tena. Halafu nafungua. Anakoroma, na mimi nalala." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nimechoka, wifi. Hujui nilivyochoka. Nilikuwa nataka nimsikie kidogo tu, nilale."

Nilikwenda pale na maneno ya kumtosha mwaka mzima. Nikachukua kisu, nikamalizia vitunguu.

Alimwambia mwenyewe, jioni hiyo hiyo, mbele yangu, amesimama. Kaka alikuwa amekaa na ile mifuko yangu mapajani. Ilimchukua muda.

"Wewe?"

"Mimi."

"Nimejifunga mikono, mama watoto," akasema. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Nimejifunga mikono kama mwizi, nalala, na wewe unaniangalia."

Kaka akainuka, akachukua kikopo cha mashine, akakiosha kwenye karai polepole kama kwamba hakuna kazi nyingine duniani. Aliporudi alisema, "Utalala kwa dada." Basi. Wifi akahamisha mto wake.

Usiku uliofuata barakoa ilikaa puani mpaka asubuhi, na uliofuata, na uliofuata. Na kaka akabadilika, ndugu zangu, mpaka nikaogopa. Alitoka chumbani amesimama wima. Alikula akamaliza akaomba tena. Alinitazama nikishona akauliza, "Hilo ua la kitambaa lina rangi ngapi?" Tangu nihamie pale hajawahi kuuliza kitu kinachohusu mapazia. Hakusinzia mezani, hakusinzia getini. Hasira za asubuhi zikapotea zote, isipokuwa moja. Kwa wifi alikuwa na maneno ya kuhesabika: chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Basi.

Na wifi, kitandani kwangu, amelala chali macho wazi. Ukuta ule ule niliokuwa nautukana kwa kuwa mwembamba, yeye sasa anaulaumu kwa kuwa mnene. Nikimwambia lala, anasema nalala. Uongo mtupu. Alikonda mpaka gauni la kazi likamning'inia. Mimi nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na nikawakasirikia wote wawili kwa kunifanya niishi katikati yao. Lakini nitamwambia nini kaka? Alikuwa na haki yake.

Tukarudi kwa Bibi Usingizi, sote watatu, na mwezi ulikuwa unaishia. Akaisoma mashine, akaisoma tena, akavua miwani. "Mzee! Hii ni kazi nzuri. Usiku kucha! Umefanyaje? Wale wengine wanaovua usingizini nataka niwaambie siri yako."

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, anatazama sakafu. Nilimwona anafungua mdomo. Kaka akamwahi.

"Ni mikono yangu ilikuwa mikorofi," akasema. "Imetulia."

"Ilikuwa yako kweli? Maana kishikizo kile ni kigumu..."

"Yangu," kaka akasema. "Nani mwingine?"

Bibi Usingizi akaandika barua ya kazini, daktari akaisaini, akagonga muhuri. Wifi alilia njia nzima ya kurudi, kimya kimya, na kaka alitembea mbele yetu bila kugeuka, lakini alipunguza mwendo ili tusiachwe.

Kesho yake alivaa ovaroli lake lililofuliwa, akaenda na barua. Alirudi mapema. Akaketi kwenye kiti cha sebuleni na viatu vyake vya kazi. Hatukuuliza, akasema mwenyewe. Msimamizi amesoma barua, amefurahi kweli, amempa mkono. Lakini karatasi za yule dereva wa kuazima zilishasainiwa jana, siku ya mwisho ya mwezi. Kibanda kina mwenyewe. Winchi nyingine yadi haina. Kaka anabaki getini mpaka itakapotokea nafasi, na nafasi ya winchi hutokea mtu akistaafu au akifa, na yule dereva ni kijana mwenye afya yake.

"Nimesimama pale getini leo," kaka akasema, "nimemwangalia anavyoshusha mzigo. Sina usingizi hata chembe. Nimeona kila kitu. Anauachia ubembee. Hajui kuutuliza." Akajifuta viganja kwenye ovaroli. "Atajifunza."

Wifi akapiga magoti pale chini mbele ya kiti. "Ni mimi, mzee. Zile siku nilizokuharibia zingetosha. Ni mimi."

"Ni wewe," kaka akasema. Hakumpunguzia. Akafungua kamba ya kiatu kimoja, akaiacha. "Na kama usingekuwepo wewe, ningekuwa nimekufa lini? Yule mama alisema napigana kila usiku. Sikuwa napigana peke yangu. Mimi nilikuwa nakuambia unaota." Akavuta pumzi ndefu. "Nina hasira, mama watoto. Zitakaa kidogo. Lakini nimechoka kulala na hasira."

Hakuna aliyekula sana jioni ile. Niliosha vyombo, nikarudi chumbani kwangu, nikaanza kumtandikia wifi upande wake kama kawaida. Alikuwa ameshakaa ukingoni, ameshavaa nguo ya kulala, anautazama ukuta. Tukasikia kaka anaita.

"Mama! Njoo unifunge hii kitu."

Wifi hakuinuka. Akaniangalia mimi, kisha akaiangalia mikono yake. Nikamsukuma bega. Akaenda, nami nikamfuata mpaka mlangoni, maana mimi ndivyo nilivyo. Kaka alikuwa amekaa kitandani, ameshikilia barakoa puani kwa mkono mmoja, mikanda inaning'inia.

"Mwite dada akufunge," wifi akasema. "Mimi hapana. Mikono yangu hii?"

"Hiyo hiyo," kaka akasema, akageuza kisogo, akamsubiri.